Winchi ya Ujenzi na Ndege Inayotua Katika Ukungu

SWALI: Nimesikia kwamba winchi ya ujenzi iliyosimama kilomita kadhaa kutoka uwanja wa ndege inaweza kuzifanya ndege zishindwe kutua siku ya ukungu, ingawa hupita juu yake bila kuikaribia. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, kwa sababu rubani anayetua kwa kutegemea vyombo haoni kilicho chini yake, na usalama wake umeshapangwa mapema na wataalamu waliopima milima, minara na majengo yote yaliyo karibu na njia yake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinataka pawepo nafasi maalumu juu ya vizuizi: kwa kawaida mita 300 ndege inapoanza kuukaribia uwanja, mita 150 katika sehemu ya kati, na mita 75 katika sehemu ya mwisho pale ambapo hakuna mtambo unaoiongoza ndege katika mteremko wa kushukia.

Tuseme jengo refu kuliko yote chini ya sehemu hiyo ya mwisho limefikia mita 100 juu ya usawa wa uwanja. Rubani hatashuka chini ya mita 175 kabla hajaona barabara ya kurukia au taa zake. Winchi ya mita 140 ikisimamishwa hapo, kiwango kinapanda hadi mita 215. Mawingu yakitanda kwenye mita 200, ndege ambayo jana ingetua leo itaondoka.

Kuondoka huko nako kuna hesabu zake, na wengi huzisahau. Njia ya kupaa upya husanifiwa kwa mwinuko wa asilimia 2.5, yaani mita 25 kwa kila kilomita. Mlima ulio ng'ambo ya uwanja, ambao ndege inayotua haiufikii kabisa, ukiingilia mwinuko huo, kiwango cha kushukia hupandishwa, au ndege hutakiwa kupaa kwa ukali zaidi, jambo ambalo ndege yenye mzigo mzito huenda isilimudu.

Kwa hiyo mjenzi anapaswa kutoa taarifa kabla ya kuanza kazi. Nchini Marekani, anayekusudia kusimamisha kitu kinachozidi futi 200 kutoka ardhini, hata kama ni winchi ya muda tu, hulazimika kuiarifu mamlaka ya anga, FAA, angalau siku 45 kabla. Kwa maoni yangu huo ni muda mfupi, maana kiwango kikibadilika, ramani za marubani nazo lazima zirekebishwe.