Viota 112, sokwe wangapi? Jibu kwa Araali wa Hoima

Swali: Habari mkubwa. Nafanya utafiti wa mwaka wa mwisho wa chuo kwenye msitu mmoja mdogo huku Hoima, Uganda, kama kilomita za mraba 40 hivi. Nimefungua mistari 8, kila mmoja kilomita 3, nikahesabu viota vya sokwe mita 15 kushoto na mita 15 kulia, jumla nimepata 112. Msimamizi wangu anasema nigawanye kwa siku 46 za Budongo nipate idadi ya sokwe, mwenzangu naye ananiambia nisithubutu. Nani yuko sahihi? Vile viota vilivyobaki vijiti tu nihesabu ama niache? Na GPS ya simu inatosha kupima urefu wa mistari? – Araali

Jibu: Asante Araali. Mwenzako ndiye aliye sahihi, ila msimamizi wako naye hakuitoa hewani hiyo 46, ni namba ya kweli kabisa, ni wastani wa siku kiota kinazokaa kabla hakijaoza, imetoka kwenye kazi ya watafiti Plumptre na Reynolds pale msitu wa Budongo miaka ya tisini. Shida ni kwamba ni namba ya Budongo, ya miti ya Budongo na mvua ya miaka ile, na wewe uko msitu mwingine.

Twende polepole. Sokwe yeyote aliyeachishwa kunyonya anajitengenezea kitanda kila jioni, anakunja matawi kuelekea katikati, anayakanyaga, anaongezea majani laini juu, dakika chache amemaliza. Mtoto analala na mama yake mpaka afike kama miaka minne mitano, kwa hiyo huyo haonekani kwenye viota. Wengine wanajenga na kile cha mchana cha kupumzikia, mara mojamoja mtu anarudia kiota cha zamani. Sasa ukipita chini ukahesabu 112, hujahesabu sokwe wa jana usiku, umehesabu rundo la vitanda vya wiki nyingi ambavyo bado havijaoza. Ili utoke kwenye vitanda ufike kwa sokwe lazima ujue mambo mawili: kila sokwe anajenga vingapi kwa siku, na kiota kinakaa siku ngapi kabla hakijapotea. Hilo la kwanza halisumbui sana, watu wanatumia 1 na pointi kidogo. La pili ndilo linaloua utafiti wa watu.

Chukua namba zako mwenyewe. Kilomita 24 za mistari, upana wa mita 30 jumla, hiyo ni kilomita za mraba 0.72. Gawanya 112 kwa 0.72 unapata viota kama 156 kwa kilomita ya mraba. Tuseme kila sokwe anajenga 1.1 kwa siku. Ukitumia siku 46 unapata sokwe 3 na kidogo kwa kilomita ya mraba, zidisha mara 40, msitu wako una sokwe 123. Haya, sasa chukua namba ya Gabon, watafiti Tutin na Fernandez mwaka 1984 wao walitumia kama siku 114. Viota ni vilevile 112, mistari ni ileile, hujaongeza hata hatua moja porini, lakini sokwe wako sasa ni 50! Kutoka 123 mpaka 50 na hakuna aliyekufa. Ndiyo maana mwenzako anakuambia usithubutu. Na hawa ni wale wanaojenga tu, watoto wa mgongoni bado hatujawaweka.

Mbona kiota cha mahali pamoja kioze haraka na cha pengine kikae? Mti kwanza. Budongo sokwe wanapenda sana kulala kwenye muhimbi, yaani Cynometra alexandri, na mti wenye matawi magumu hauachii kiota sawa na mti wa matawi laini ya majimaji. Tawi lililokunjwa bila kukatika linaendelea kuishi, majani yanabaki kijani siku nyingi, lililovunjika kabisa linakauka mara moja. Halafu mvua na upepo. Wewe mwenyewe unaijua Hoima, Machi mpaka Mei inanyesha, inarudi tena Agosti mpaka Novemba, kati ya Desemba na Februari ni vumbi. Kiota kilichojengwa Januari na kilichojengwa Oktoba havina maisha sawa hata kwenye mti uleule. Sasa kama uliingia msituni mwezi wa pili, viota ulivyovikuta vimeishi kiangazi, na ukivigawanya kwa wastani wa msimu mwingine unajidanganya.

Njia ninayokushauri, na hii pia walishaijaribu hapohapo Budongo wakailinganisha na ile ya kwanza, ni kuhesabu viota vipya tu. Unapita mistari yote mara ya kwanza unaweka alama kila kiota unachokiona, rangi kwenye shina ama kibati chenye namba, pamoja na mchoro mdogo kwenye daftari kiota kiko upande gani wa mti maana mti mmoja unaweza kuwa na vitatu. Hivyo vya mara ya kwanza huvihesabu kwenye hesabu ya sokwe, ni vya kufuta deni tu. Baada ya wiki mbili unarudi, unaandika vile ambavyo havina alama, unaviwekea alama, unaondoka. Wiki mbili tena, hivyohivyo. Ukifika siku 84, viota vipya vyote vimejengwa ndani ya hizo siku 84, unazijua kwa kalenda, huhitaji kuazima siku za kuoza kwa mtu yeyote. Sharti ni moja, pengo kati ya mzunguko na mzunguko liwe fupi kuliko umri wa kiota kinachooza haraka kuliko vyote, vinginevyo kuna vitakavyojengwa na kupotea hujarudi. Angalia vile ulivyovitia alama mzunguko wa pili, kama ukirudi wa tatu vingi havipo, punguza pengo liwe siku kumi.

Utalalamika kwamba ni kutembea sana, na kweli ni kutembea sana, hela ya boda na posho ya mtu wa kukusaidia. Lakini piga hesabu, kama msitu una sokwe 2 kwa kilomita ya mraba, kwa eneo lako la 0.72 na siku 84 utegemee viota vipya kama 130 hivi, hiyo ni data ya kutosha. Msitu ukiwa na wachache sana ndipo njia hii inachosha, unatembea miezi mitatu unarudi na viota kumi na tano.

Kuhusu zile mita 15 kushoto na kulia. Hapo sitakuficha, hiyo inanisumbua karibu sawa na zile siku 46. Kiota kilicho mita 3 kutoka kwenye mstari utakiona, kilicho mita 14 nyuma ya majani ya kichaka cha pori lililokatwa miaka ya nyuma, nusu yake vinakupita. Ukisema umeviona vyote ndani ya mita 15 unapunguza sokwe bila kujua, na ukiona kimoja mita 22 unakiacha wakati kina faida. Pima umbali kutoka kwenye mstari mpaka chini ya kiota, kwa tepu, pembe mraba na mstari, kila kiota. Si umbali kutoka uliposimama mpaka kwenye mti, hilo kosa ni la kila mwaka! Nenda mpaka chini ya kiota kabisa, angalia juu, weka kijiti pale, vuta tepu mpaka kwenye mstari. Andika 7.4, usiandike 5 ama 10, maana mtu akianza kukadiria kwa macho data zote zinajazana kwenye 5, 10, 15 na Distance, ile programu ya kompyuta ya kukadiria wingi kwa kutumia umbali, inachanganyikiwa. Ukishakuwa na umbali wa kila kimoja, programu yenyewe inaangalia jinsi viota vinavyopungua kadiri unavyotoka kwenye mstari na inakupa upana halisi uliokuwa unauona. Inataka kama 60 mpaka 80 hivi za kuanzia. Kumbuka sokwe wanalala kwa kundi, kwa hiyo viota vyako 112 huenda ni makundi 40 tu, na kwenye takwimu makundi ndiyo yanayohesabika kama matukio. Na mistari 8 ni michache, ni bora 15 mifupi kuliko 8 mirefu, maana tofauti kati ya mstari na mstari ndiyo inayokupa kipimo cha wasiwasi wa jibu lako.

Kitu kingine watu hawakiamini mpaka wakione wenyewe, kiota kinachopotea kirahisi kuliko vyote ni kile kilicho juu ya kichwa chako. Macho yanakwenda mbele na pembeni, shingo inachoka kuangalia juu, na hesabu yote hii inasimama kwenye dhana kwamba pale kwenye mstari wenyewe hukosi hata kimoja. Tembeeni wawili, wa mbele na panga na kompasi, wa nyuma kazi yake ni kuangalia juu tu, na kila baada ya hatua kadhaa simama geuka angalia ulikotoka. Kiota kingi kinaonekana ukiwa umekipita, mwanga unapokuwa nyuma yake.

Mistari yenyewe uliipataje, hujasema. Kama ulifuata njia za wapasua mbao ama njia ya wanawake wa kuni, basi umepima njia, hujapima msitu. Sokwe anaweza kuzikwepa ama kuzifuata kwa sababu kuna matunda pembeni, huwezi kujua. Chora kwenye ramani, mwanzo uchaguliwe kwa bahati nasibu, nafasi kati ya mistari iwe sawa, na mstari ukiingia kwenye bwawa la mafunjo unaingia nao. Na usifyeke barabara, kata kidogo tu ya kupita mwili, ukifungua njia pana wiki mbili baadaye utakuta wawindaji wameitandika mitego ya waya.

Haya, vile vya vijiti. Kuna ngazi nne watu wanatumia: kibichi majani yote kijani na mara nyingi kinyesi ama harufu ya mkojo chini yake, kinachoanza kunyauka, yaani kijani na kahawia vimechanganyika, cha kahawia lakini umbo bado limeshika, na cha mwisho majani yamepukutika, unaona anga katikati. Ukihesabu ya nne ama usihesabu, yote sawa, mradi yule aliyepima siku za kuoza alikuwa na mpaka uleule. Kama yeye alisema kiota kimekufa majani yakishaisha, na wewe unahesabu vijiti, umejiongezea sokwe wa bure. Kwa njia ya viota vipya swali hili linakufa lenyewe, maana chenye vijiti vitupu hakikujengwa juzi. Cha kuangalia tu usije ukahesabu kiota cha tai ama rundo la mitambaazi. Kiota cha sokwe utaona ncha za matawi zimekunjwa kwenda ndani na bado zimeshikamana na mti, cha tai ni vijiti vilivyoletwa vikapangwa.

Nikuongezee moja ya jirani yako kabisa. Ule ukanda wa mashamba na vipande vya misitu kati ya msitu wa Budongo na ule wa Bugoma, watu walikuwa wanasema una sokwe kama 70. Mwaka 2015 ikatoka kazi ya McCarthy na wenzake, waliokota kinyesi wakasoma DNA, wakatambua sokwe 182 mmoja mmoja kutoka jamii zisizopungua tisa, na makadirio yao yakafika 256. Na makosa yanaweza kwenda upande ule mwingine pia, msitu wa Bwindi mwaka 2006 hesabu ya gorila kwa viota ilitoa 336, vinasaba vikasema 302, kwa sababu kuna gorila waliokuwa wanajenga zaidi ya kiota kimoja kwa usiku. Kwa hiyo kama idara yenu ina namna yoyote ya kupata maabara, okota sampuli za kinyesi chini ya viota vibichi huku ukiendelea kuhesabu, hata 50, hifadhi vizuri, kibali chake omba mapema. Vibali vinachelewa kuliko mvua, cha utafiti ni cha UNCST (baraza la sayansi) kivyake, cha wanyama ni UWA (mamlaka ya wanyamapori), na kama ni hifadhi ya msitu ya serikali kuna NFA (mamlaka ya misitu).

Hizo 112 ulizonazo usizitupe. Kama uliandika umbali, ziingize kwenye Distance utoe wingi wa viota kwa kilomita ya mraba, na kwenye ripoti andika hivyo, wingi wa viota, usiandike idadi ya sokwe. Kama msimamizi anang'ang'ania namba ya sokwe, mwonyeshe zote mbili, 123 na 50, kwenye jedwali moja, achague mwenyewe atakayoitetea mbele ya kamati.

GPS ya simu, kwa kuandika mahali kiota kilipo na kurudi mstari ulipoanzia, inatosha. Kwa kupima urefu wa mstari, hapana. Chini ya miti minene inarukaruka, na ukiiacha ichore njia yako yenyewe itakuambia umetembea kilomita 3.6 wakati mstari ni 3, na hizo mita za ziada zinaingia kwenye kigawanyo zinakula sokwe wako. Chukua nukta ya mwanzo na ya mwisho, kila moja simama dakika kadhaa simu itulie, pima mstari ulionyooka kati yake. Ama nunua kamba, weka fundo kila mita 50, vutaneni nayo. Mlima ukiwa mkali kumbuka kamba inapima mteremko, si ramani, lakini kwa misitu ya Hoima tofauti hiyo ni ndogo.

Ukishamaliza mzunguko wa pili niandikie umbali wote ulivyo kwenye daftari, usiupange wala kuusafisha, nione kama zile 5 na 10 zimejazana.