Kwa nini mbao za Vasa hazikuoza

Umeuliza Vasa, meli ya kivita ya Uswidi, ilikaaje majini miaka 333 bila kuoza. Kikubwa ni bahari yenyewe: maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno kwa wale minyoo wanaotoboa mbao za meli. Ilizama Stockholm mwaka 1628, safari yake ya kwanza kabisa. Mtafutaji wa meli zilizozama, Anders Franzén, aliipata 1956.

Ninaowavulia kofia ni wapiga mbizi. Walichimba mahandaki 6 chini ya meli, kwenye tope na giza totoro, wapate kupitisha nyaya za kuiinulia! Iliibuka tarehe 24 Aprili 1961. Baada ya hapo ilinyunyiziwa polietilini glaikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17, la sivyo mbao zingesinyaa na kupasuka zikikauka.