Maswali na Majibu: Kujiunga na Chama cha Watazamaji Nyota

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, umri wangu miaka 41. Kuna kikundi cha watu wanaokutana ufukweni mara moja kwa mwezi kutazama nyota, nami natamani kujiunga nao pamoja na binti yangu wa miaka 12, lakini mambo matatu yananirudisha nyuma. Sikusoma sayansi kupita kidato cha nne. Sina teleskopu, na ile niliyoiona dukani, ambayo kasha lake linasema hukuza mara 525, itanilazimu kujibana kwa miezi. Tena mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu nyumbani, anasema huo ni unajimu na hautufai. Nifanyeje?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Nitaanza na mjomba, kwa kuwa pasipo ridhaa yake hayo mengine yatakuwa mazito kwako. Neno unajimu limebeba mizigo miwili katika lugha yetu: kuna unajimu wa kupiga ramli na kutabiri bahati ya mtu kwa nyota yake, na kuna elimu ya falaki, ambayo kazi yake ni kupima na kuhesabu mwendo wa jua, mwezi na nyota. Hii ya pili ndiyo inayotupa majedwali ya nyakati za sala yaliyobandikwa misikitini. Mweleze kwa adabu kwamba watu wa ufukweni wanafanya jambo lile lile alifanyalo yeye jioni ya mwezi 29 Shaabani, anapopanda juu ya nyumba na kuelekea magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, ila wao huendelea kutazama mpaka usiku uingie. Na ingekuwa vyema umwalike aende nanyi mara ya kwanza. Huenda yeye ndiye atakayewafundisha wenzake, maana wazee wa pwani ndio waliotuachia usemi kwamba Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na neno suheli, walilolitumia kwa upande wa kusini, ni jina la nyota angavu ya upande huo.

Ama teleskopu ya dukani, nakusihi usiinunue. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili kwa kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele, kwa hiyo chombo chenye lenzi ya milimita 60 huishia kwenye mara 120 hivi, na ukikilazimisha kufika mara 525 utakachoona ni ukungu unaotikisika. Watu wengi hukata tamaa hapo, wakadhani kasoro ni ya macho yao. Ndiyo maana naona faida kubwa ya chama ni kwamba unatazama kwanza kwa vyombo vya wenzako, tena ukiwa na mtu pembeni wa kukuelekeza. Mwezi Julai 1995, huko Arizona, Marekani, mtu aitwaye Thomas Bopp, ambaye hakuwa mwanafalaki wa kazi wala hakuwa na teleskopu yake mwenyewe, alikuwa akitazama kwa chombo cha rafiki yake alipoona doa hafifu lisilokuwa katika ramani ya nyota. Ilikuwa kometi, yaani nyota yenye mkia, na leo inajulikana kama Hale-Bopp, kwa jina lake na la Alan Hale aliyeiona usiku uo huo mahali pengine.

Ukishahudhuria mara tatu au nne na moyo ukawa bado unataka, nunua darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Mimi yangu ni ya 10x50. Usiku wa kwanza niliegemeza viwiko juu ya ukuta wa baraza ili mikono itulie, nikailenga sayari ya Mshtarii, nikaona vinukta vimejipanga mstari mmoja, vitatu upande huu na kimoja upande ule. Kesho yake saa ile ile vilikuwa viwili kwa viwili. Hiyo ndiyo miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, nami nilikuwa nimesimama kwetu nikiiona ikizunguka. Niliharibu lenzi moja ya darubini hiyo kwa kuifuta umande kwa ncha ya kanga, kwa kuwa upepo wa bahari huacha chumvi na chembe za mchanga ambazo hukwaruza kioo. Wewe zipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute taratibu kwa kitambaa laini cha miwani.

Kuhusu sayansi, usiwe na wasiwasi hata kidogo, maana anga lenyewe litakuwa mwalimu wako. Malindi iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo nyota huchomoza kutoka baharini zikipanda wima, na katika mwaka mmoja karibu anga lote hupita mbele ya macho yako. Ile nyota ya kaskazini inayosifiwa vitabuni haionekani kwetu, maana iko chini kidogo ya upeo wa macho, lakini tuna Msalaba wa Kusini, na kundinyota la Orion hupita karibu na utosi katika usiku wa kaskazi. Wanafunzi wako nao wana haki ya kujua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake.

Kabla ya kulipa ada, uliza ni nani mwenye dhamana ya watoto na mnarudi nyumbani saa ngapi. Funika tochi yako kwa karatasi nyekundu ya nailoni na uzime simu, kwa sababu jicho huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mweupe huwarudisha wote mwanzo.

SWALI: Mhariri, huku Lamu sijasikia chama kama hicho. Je, tunaweza kuanzisha wenyewe?
Msomaji, Langoni

JIBU: Mnaweza, na watu watatu wanatosha. Kisiwa chenu hakina msongamano wa magari wala taa zake, na matuta ya mchanga ya Shela yana giza ambalo watu wa mijini hulisafiria. Anzeni na mwezi wa siku saba au nane, wala si mwezi mpevu, kwa sababu vivuli virefu kwenye mpaka wa nuru na giza ndivyo vinavyoonyesha mashimo na milima yake. Wekeni daftari moja la chama, muandike tarehe, saa na mlichokiona. Mkishakuwa na watu wa kutosha, waandikieni The Travelling Telescope, mradi ulioanzishwa na Susan Murabana na mumewe Chu Owen wa kupeleka teleskopu shuleni nchini Kenya.

Tena mna tarehe ya kujiandalia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na kivuli kamili kitapita juu ya Misri, Jedda na Makka. Lamu mtaona sehemu tu ya jua ikifunikwa. Tafuteni mapema miwani maalumu ya kutazamia jua, yenye alama ISO 12312-2, moja kwa kila mwanachama, na pasiwe na yeyote atakayeelekeza darubini kwenye jua siku hiyo.