Nyanya, msiuze shamba kwa sababu ya karo

Shikamoo, nyanya. Umeuliza kama wewe na babu muuze shamba la Murang'a ili mjukuu wenu asome Chuo Kikuu cha Nairobi. Nakuomba msiuze. Kwanza aombe mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu: riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na huanza kuulipa baada ya kumaliza masomo. Sijaona benki inayotoa nafuu kama hiyo.

Pensheni yenu iwe ya chakula na kodi ya chumba. Hapo ndipo mwanafunzi huumia. Mimi muhula wangu wa pili nilishindia chai na mandazi, na karo ilikuwa imelipwa yote! Mtumieni kidogo kila Jumatatu kwa M-Pesa, si zote kwa mkupuo muhula unapofunguliwa. Jiji hili lina njia nyingi za kumaliza pesa za kijana. Kodi mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja.

Akiba yenu ya Sacco msiiweke dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, hata mzazi wake akiomba. Na mwambieni kijana mapema mnaweza kiasi gani kwa mwezi, ajipange.