Uliza Bi Msafiri: Ba anataka kwenda Gangotri

Shikamoo Bi Msafiri. Mimi ni Mhindi wa hapa hapa Malindi, duka letu la vitambaa liko tangu enzi za babu. Mama yangu, sisi twamwita Ba, ana miaka 71, ana sukari kidogo na magoti yamechoka, na tangu mzee wangu afariki neno lake ni moja tu, akaoge maji ya Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu, kule juu mlimani Gangotri, India. Mimi India nimefika mara moja na niliishia Gujarat harusini. Tumepanga Agosti watoto wakifunga shule, siku kumi kwenda na kurudi, na tupite hekalu la Yamunotri na Gaumukh, chanzo cha Ganga kwenye barafu, kabisa maadamu tushafika. Itawezekana?
Mwana wa Ba, Malindi

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee. Itawezekana, ila sio hivyo ulivyopanga.

Agosti ifute. Huo ndio mwezi wa mvua kubwa kule, na barabara ya kutoka mji wa Uttarkashi kupanda Gangotri imechongwa ubavuni mwa mlima, mto uko chini yako, mvua ikizidi mawe na udongo vinashuka barabarani mnalala kwenye gari. Tarehe 5 Agosti 2025 matope yalishuka ghafla yakafukia sehemu kubwa ya kijiji cha Dharali, na Dharali iko njia hiyo hiyo ya mahujaji. Desemba nayo usijaribu manake hekalu la Gangotri limefungwa. Hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, sikukuu ya Wahindu, kati ya Aprili na Mei, na hufungwa mara tu baada ya Diwali, halafu sanamu ya mungu wao Mama Ganga inabebwa kwa ngoma mpaka kijiji cha Mukhba inakaa huko mpaka theluji iishe. Kwa hiyo una Mei, au mwisho wa Septemba mpaka Oktoba. Mei kuna watu tele, foleni mpaka uchoke, lakini Malindi nako ni masika na biashara imelala. Mimi ningemchukulia Ba Oktoba, mvua imekwisha na mbingu safi. Watoto wabaki shuleni, watakwenda siku zao.

Sasa siku kumi. Hapo ndo nina ugomvi na wewe. Sisi tunalala usawa wa bahari, Gangotri iko juu kama mita 3,100, hewa ni haba na mwili unataka siku za kuzoea, na Nairobi tunayoiita baridi haifiki hata 1,800. Mimi nilikwenda na jirani zangu miaka iliyopita, dereva akataka atoke mji wa Rishikesh kule chini alfajiri atufikishe siku hiyo hiyo, zaidi ya kilomita 240 za kona tupu, na sisi kwa ujinga tukakubali. Usiku ule kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kuni, mwenzangu akatapika mpaka asubuhi, hekalu tuliliona kwa jicho moja. Usimfanyie Ba hivyo. Laleni Uttarkashi siku mbili (kule ni kama mita 1,150 tu), mpande kijiji cha Harsil kilicho njiani mlale siku mbili nyingine, kisha Gangotri muende asubuhi, aoge, afanye puja yake, yaani ibada, jioni mrudi kulala Harsil. Akianza kuumwa kichwa na kutapika msipande zaidi, na akihema amekaa au akiyumba au akisema maneno hayaeleweki, mteremsheni saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, msingoje kuche.

Yamunotri gari linaishia Janki Chatti, kutoka hapo ni kupanda kilomita 5 au 6. Farasi wapo, na wabebaji wa machela wapo, lakini kwa magoti hayo mimi ningeiacha. Gaumukh ndo usiitaje, ni kilomita 18 kwa miguu kutoka Gangotri na kibali chake ni cha watu 150 kwa siku. Gangotri gari linafika karibu, unatembea kidogo katikati ya maduka ya shanga na vyombo vya shaba ushafika mtoni. Maji yana rangi ya majivu na kelele zake mnaongea kwa kupiga ukelele. Mimi nilitia mguu nikadhani umekatwa! Ba asiingie, akae kwenye ngazi mmoja amshike, mwingine amwagie kwa lota, kile kichombo cha shaba, na shali kavu iwe mkononi tayari.

Makaratasi: viza ya mtandaoni, kujiandikisha safari kwenye mtandao wa serikali ya jimbo la huko, Uttarakhand, maana bila hiyo mnarudishwa njiani, na kadi ya homa ya manjano. Hiyo chanjo ichomwe siku 10 kabla ya kusafiri au zaidi, lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 ina hatari zake, kwa hivyo Ba aanze kwa daktari kabla hujalipa tiketi yoyote, na aulize na habari ya sukari na dawa ya ugonjwa wa mlimani huko huko.

Bi Msafiri, jirani yangu Mhindi amekwenda Mombasa kutibiwa akaniachia kichungu cha shaba kimezibwa mdomo, ati maji ya Ganga, nisikiweke chini. Juzi mtoto amekiangusha nusu imemwagika. Niongeze ya bomba?
Mama Fatma, Lamu

Weee! Usiongeze kitu. Hayo kwao ni kama Zamzam ile ya shangazi kabatini, ya siku kubwa, hata mgonjwa mahututi anatiwa tone mdomoni. Kizibe, kiweke juu mbali na viatu, na mpigie simu umwambie kabla hajarudi, mtu anayeumwa asije akakuta nusu. Na wewe Mwana wa Ba hapo juu, mkitoka Gangotri chukua kichupa kimoja zaidi cha Lamu, ila kiende kwenye begi kubwa, mkononi ndegeni hawaruhusu kupita mililita 100.