Miezi Sita Kabla ya Mkataba Kwisha: Niliyoyaona Nikipanga Nyumba Italia

Hapa Malindi haupiti mwezi bila kijana kuja barazani kwangu, mtaa wa Shela, kunieleza kwamba amepata njia ya kwenda Italia. Si ajabu, kwa kuwa Waitaliano tumekaa nao tangu miaka ya sitini walipokuwa wakirusha satelaiti kutoka Ngomeni, na watoto wetu huokota maneno ya Kiitaliano pwani kabla ya kufundishwa na mtu. Vijana hao huniuliza habari za viza, nauli na baridi. Habari za mkataba wa nyumba hawaniulizi, nami niliishi Brescia miaka minane katika nyumba moja ya kupanga, nikaipoteza kwa sababu ya barua niliyoisoma, nikaielewa, kisha nikaitia kwenye mtoto wa meza.

Sheria inayohusika ni namba 431 ya mwaka 1998. Mkataba wa kawaida wa nyumba ya kuishi, ambao kodi yake hupangwa na pande mbili zenyewe, huwa wa miaka minne, na hiyo ikiisha hujiongeza kwa miaka mingine minne. Upo pia wa miaka mitatu na miwili, ambao kodi yake hufuata viwango vilivyokubaliwa katika kila manispaa baina ya vyama vya wenye nyumba na vya wapangaji, lakini wangu ulikuwa wa aina ya kwanza, kwa euro 520 kwa mwezi, kuanzia Septemba 2009. Miaka minne ya mwanzo inapokwisha, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa kuwa tu amemchoka au amepata mwenye fedha zaidi. Ni lazima awe na sababu iliyotajwa na sheria, kwa mfano kwamba anaitaka nyumba akae yeye, mzazi wake, mwanawe au nduguye, na sababu hiyo aiandike katika barua inayomfikia mpangaji miezi sita kabla.

Hayo sikuyajua. Mwezi wa Juni 2013 mwenye nyumba wangu, mzee mwenye adabu zake, alinipigia simu akaniambia kwamba binti yake anaolewa na kwamba angependa nihame ifikapo mwisho wa Agosti. Kwetu mwenye nyumba akija, akanywa chai, akasema mwanangu anaoa, mpangaji huona haya hata kuuliza atapewa muda gani, hufunga mizigo. Nami nilianza kutafuta maboksi. Aliyenizuia ni dada mmoja wa Mambrui aliyekuwa akitunza wazee mjini humo, ambaye aliniuliza neno moja tu: "Barua iko wapi, kaka?" Akanipeleka SUNIA, chama cha wapangaji, na karani wa pale alipoupitia mkataba wangu alinionyesha kwamba simu si notisi, na kwamba kwa kuwa miezi sita ilikuwa imeshapita bila barua, mkataba ulikuwa umejiongeza hadi Agosti 2017. Aliongeza jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha: hata kama notisi ingekuwa sahihi, iwapo binti yule asingeingia katika nyumba ndani ya miezi 12, ningekuwa na haki ya kudai nirudishwe, au nilipwe fidia isiyopungua kodi ya miezi 36. Chama kilimwandikia mzee, naye hakubisha.

Ushindi huo uliniharibu. Nilijiona mjuzi wa sheria, nikaamini kwamba mpangaji anayenyamaza ndiye anayesalia.

Miaka minane inapotimia, mambo hugeuka. Kila upande una haki ya kumwandikia mwenzake, miezi sita kabla, ama kupendekeza masharti mapya ama kuarifu kwamba hataki kuendelea, na mwenye nyumba hahitaji tena kutoa sababu. Wote wawili wakinyamaza, mkataba huendelea kwa masharti yale yale. Lakini mmoja akiandika kupendekeza masharti mapya, mwenzake ana siku 60 za kujibu, naye asipojibu mkataba hukoma siku yake ya mwisho. Katikati ya Februari 2017 nilipokea barua ya rejista, ile ambayo Waitaliano huiita raccomandata, yenye kodi mpya ya euro 640. Niliona ni nyingi, nikaiweka kando nikisubiri mzee apige simu tujadiliane. Hakupiga. Nilipokuja kumwandikia mwezi wa Juni kwamba niko tayari kulipa 580, siku 60 zilikuwa zimekwisha zamani, na nyumba alikuwa ameshamwahidi mtu mwingine. Kama ningeijibu barua ile kwa barua, hata kwa kukataa 640 na kutaja bei yangu, tungekuwa na mazungumzo, ingawa kama tusingepatana, mkataba ungekoma vile vile.

Kuhusu fedha nitasema machache. Amana haizidi kodi ya miezi mitatu, nayo huzaa riba ya kisheria ambayo ni ya mpangaji. Yangu ilirudi yote, kwa kuwa ukuta uliochakaa kwa kukaliwa tu si deni la mpangaji, na nilikuwa na picha za siku niliyopokea funguo. Mwenye nyumba aliyechagua kodi ya serikali ya kiwango kimoja, iliyoanzishwa mwaka 2011, hana ruhusa ya kupandisha kodi ya nyumba wakati uchaguzi huo unaendelea, hata kwa kisingizio cha gharama za maisha. Na wenzetu wanaokubali kuandikishwa euro 300 huku wakilipa 500 mkononi wafahamu kwamba hizo 200 hazina nguvu kisheria, na kwamba wanaweza kuzidai hadi miezi sita baada ya kurudisha nyumba. Ushahidi ndio taabu, kwa sababu fedha za mkononi hazina risiti.

Mgeni anapoteza zaidi ya dari. Kibali cha kuishi hutaka anwani, na anayetaka kumleta mke au watoto hudaiwa cheti cha manispaa kwamba nyumba yake inafaa, kwa hiyo nilipohamia chumba cha kushirikiana na wenzangu, safari ya mke wangu iliahirishwa mwaka mzima.

Mwaka jana mpwa wangu, aliyeko Bergamo, alinitumia picha ya mkataba wake. Miaka yake minane ilikuwa ikiisha tarehe 30 Juni, maana yake barua yoyote ya mwenye nyumba ingemfikia kabla ya mwaka mpya, naye alikuwa ameshakata tiketi ya kuja Malindi Desemba nzima. Nilimweleza kwamba barua ya rejista isiyochukuliwa posta huhesabiwa kuwa imefika. Akamwandikia jirani yake hati ya kumruhusu kumchukulia barua, akamwachia na ufunguo wa sanduku la posta lililo mlangoni, ndipo akaja.