Maswali ya Wasomaji: Watoto wamechukuliwa, mahakama ya haki za binadamu itawarudisha?

Swali: Ndugu Mhariri, wanangu wawili wako kwa familia nyingine kwa amri ya mahakama. Rufaa zote nimeshindwa. Nikienda mahakama ya haki za binadamu, watarudishwa?

Jibu: Kwa kawaida hapana, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Mahakama hizi si ngazi nyingine ya rufaa. Hazipimi nani analea vizuri zaidi. Zinapima kama serikali ilitenda haki kabla ya kuitenganisha familia. Mzazi alisikilizwa? Mtoto aliulizwa, kwa kadiri ya umri wake? Taarifa ya mtaalamu ni ya lini?

Tazama shauri dhidi ya Norway, lililoamuliwa Septemba 10, 2019. Mtoto aliasiliwa na familia iliyokuwa ikimlea, mama yake hataki. Mahakama ya Ulaya ilisema Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya, inayolinda maisha ya familia, imekiukwa. Kilichoiponza serikali ni kwamba mama alikuwa ameshaolewa na kupata mtoto mwingine, lakini hakufanyiwa tathmini mpya ya kitaalamu. Tena alikuwa akionana na mwanawe kwa nadra mno, hivyo ushahidi wa uhusiano wao ulikuwa mwembamba. Alishinda, lakini hukumu haikumrudisha mtoto.

Kwa hiyo jalada lako ndilo silaha. Omba kwa barua, si kwa simu, kuonana na watoto, na utunze nakala. Andika tarehe ya kila ziara, na ikiahirishwa, nani kaiahirisha na kwa sababu gani. Mwezi unaopita bila ombi lako huja kusomwa kama mwezi ambao hukuwataka. Jambo jingine linaloangusha wengi: hoja ya maisha ya familia lazima uwe uliitoa kwenye mahakama za nchini. Ukiiibua kwa mara ya kwanza nje, shauri halipokelewi.

Swali: Nina muda gani, na napeleka wapi?

Jibu: Strasbourg, Ufaransa, iliko Mahakama ya Ulaya, ni miezi 4 tangu uamuzi wa mwisho wa nchini, hadi Januari 2022 ilikuwa 6. Hakuna ada. Fomu hujazwa yote, husainiwa kwa mkono na kutumwa kwa posta. Tarehe inayohesabika ni ya muhuri wa posta. Maelezo ya ziada yasizidi kurasa 20. Peleka nakala za hukumu, usipeleke nakala halisi. Fomu yenye mapengo haisimamishi saa, na anayeituma siku za mwisho hukosa nafasi ya kurekebisha.

Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, kinachotakiwa ni muda unaofaa tu. Kikwazo ni kingine: mtu binafsi hapokelewi ila nchi yake iwe imetoa tamko la kumruhusu, na baadhi zimeshalifuta, Tanzania ikiwemo. Aliyefungiwa mlango huo aiandikie Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Hiyo haihitaji tamko, bali nchi iwe imeridhia Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto wa mwaka 1990, ambao Ibara yake ya 19 inampa mtoto haki ya kuonana mara kwa mara na mzazi aliyetenganishwa naye. Si mahakama, lakini hupokea malalamiko na kutoa uamuzi.

Swali: Kama sheria yenyewe inamnyima urithi mtoto wa nje ya ndoa?

Jibu: Sheria nayo hushtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika iliona Sheria ya Familia ya Mali inakiuka haki za watoto hao, pamoja na kuruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 16. Ubelgiji ilishindwa Strasbourg mwaka 1979 kwa sheria ya namna hiyo, ikaja kuibadilisha mwaka 1987. Ilichukua miaka minane, kwa hiyo shauri la mirathi lililoko mahakamani usilisimamishe ukisubiri sheria ibadilike.